Taa ya Maji Inawaka, Lakini Je, Inafanya Kazi?

 

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukitoka kwenye kikao cha akina mama kanisani, dada mmoja alinivuta pembeni. Aliniuliza, "Dada muuguzi, baba watoto amenunua ile mashine ya taa ya kusafisha maji, imefungwa chini ya sinki. Fundi amesema nisichemshe tena maji ya kunywa. Je, ni kweli?" Nilifungua mdomo nimjibu, kisha nikaufunga. Nilikumbuka kwamba miaka michache iliyopita niliambiwa maneno hayohayo, nikayapokea bila kuuliza zaidi, na matokeo yake nilijikuta wodini na mtoto wangu mwenyewe. Kwa hiyo leo namjibu dada yule kwa kirefu, na wengine wenye mashine hizi nyumbani nawaomba msome mpaka mwisho.

YALIYONIPATA

Sisi tunaishi pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, na maji yetu ni ya kisima kirefu. Pampu huyapandisha hadi kwenye tangi lililo juu ya mnara, kisha hushuka yenyewe mpaka jikoni. Baba watoto alipoona ninavyohangaika na masufuria ya maji ya kuchemsha kila nirudipo kutoka zamu, alinunua mashine ile. Fundi alipomaliza kuifunga aliniambia, "Mama, sasa pumzika."

Nami nikapumzika kweli. Mtungi wa gesi ukawa unadumu kuliko zamani. Kila nilipoinama chini ya sinki niliona kile kimwanga cha bluu kinang'aa, na moyo wangu ukatulia. Miaka miwili ikapita. Sikufungua kitu wala kubadili kitu.

Ndipo mtoto wangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka minne, alipoanza kuharisha. Nikalaumu maembe. Akapona, na baada ya wiki mbili akaanza tena. Nikalaumu barafu za ukwaju zinazouzwa karibu na shule. Mara ya tatu ilikuwa usiku. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na nilipomfinya ngozi ya tumbo haikurudi upesi. Dalili hizo nimewafundisha akina mama kwa miaka mingi, na sasa nilizikuta kitandani kwangu. Tulilala hospitali, mtoto akiwa na dripu mkononi.

Tuliporudi nyumbani, binti anayenisaidia kazi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, umeme ukikatika ile taa huzimika, lakini maji yanaendelea kutoka bombani. Siku kama hizo nikinge au nisikinge?"

Nilikaa chini. Binti huyo ndiye aliyekuwa akijaza majagi ya maji ya kunywa kila siku, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumweleza lolote juu ya mashine ile. Na mwezi ule umeme ulikuwa umekatika mara nyingi.

Nilimwita fundi mwingine. Alipoifungua, kichujio kilitoka kikiwa na rangi ya tope. Kioo kinachoifunika taa kilikuwa kimeshika ukoko, kama birika la chai ambalo halijasuguliwa mwaka mzima. Akauliza taa ile ina umri gani. Nikamwambia ni miaka miwili. Akatikisa kichwa na kusema, "Mama, hii ilikuwa inawaka tu."

Sikuyapima maji wakati ule, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndiyo yaliyomwuguza mtoto. Lakini niliyoyaona ndani ya mashine yalinitosha. Fundi wa kwanza hakuniambia kwamba kitu hiki kinahitaji kutunzwa, nami muuguzi mzima sikumwuliza.

MASHINE HII HUFANYAJE KAZI?

Ndani ya bomba la chuma kuna taa ndefu mfano wa zile za ofisini. Taa hii hutoa miale ya urujuanimno, ambayo mafundi huiita yuvii. Miale hiyo yenyewe hatuioni kwa macho. Ule mwanga wa bluu tunaouona ni sehemu ndogo tu ya kinachotoka kwenye taa, na si huo unaofanya kazi. Shika sana jambo hili, kwa sababu ndilo lililonidanganya.

Maji hupita kando ya taa, na miale huwapiga vijidudu vilivyomo. Haiwachomi kama moto. Huharibu ule uzi wa ndani unaobeba maagizo ya uzazi wa kijidudu, na kijidudu kisichoweza kuzaana hakiwezi kutuletea ugonjwa. Vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu vyote hushindwa na miale hii ikiwa ya kutosha.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1877 wataalamu wawili wa Uingereza, Downes na Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kukua. Mwaka 1910 mji wa Marseille, Ufaransa, ulijaribu kusafisha maji ya watu kwa taa za namna hii. Sifa ya miale hii iliongezeka baada ya mwaka 1993. Mwaka huo, katika mji wa Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua tumbo kutokana na kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, kilichopita kwenye maji ya bomba yaliyotiwa klorini. Kijidudu hicho kina ganda gumu na klorini haikiwezi, lakini baadaye ilionekana kwamba miale ya urujuanimno hukiweza kwa urahisi.

Kwa hiyo dada yangu, mashine ni nzuri. Sina ugomvi nayo, na hata leo ninayo. Ila inataka masharti yake yatimizwe.

MAMBO ASIYOKUAMBIA MWUZAJI

Kwanza, miale haipiti kwenye maji yenye ukungu. Chembe ya tope ni kama mwavuli, kijidudu hujificha nyuma yake. Ndiyo maana ni lazima maji yapite kwenye kichujio kabla ya kufika kwenye taa. Kichujio kinachotumika sana ni cha mikroni 5, yaani huzuia chembe zenye upana unaozidi sehemu 5 kati ya 1,000 za milimita. Ukungu wa maji hupimwa kwa kipimo kiitwacho NTU, na mashine hizi huhitaji kisizidi 1. Macho yetu huanza kuuona ukungu ukifika kama 4, kwa hiyo usiseme "maji yangu ni meupe, sina haja ya kichujio."

Pili, mashine haiondoi chumvi, wala madini, wala sumu. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, yatatoka na chumvi yake. Akina mama wa Arusha, Kilimanjaro na sehemu nyingine za ukanda wa Bonde la Ufa wanajua habari ya madini ya floraidi yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na yakizidi huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Taa haipunguzi floraidi hata kidogo, na kuchemsha hakusaidii pia. Huko dawa ni kutafuta chanzo kingine, au kuchuja kwa njia maalumu kama ile ya mkaa wa mifupa.

Tatu, miale haibaki ndani ya maji. Klorini hubaki na kuendelea kuyalinda, lakini miale ikishapita imepita. Maji yaliyotoka salama, ukiyaweka kwenye ndoo iliyo wazi na kila mtoto akachovya kikombe, yamechafuka upya. Kinga kwenye chombo chenye kifuniko na koki, kioshwe kwa sabuni kila kinapoisha maji. Usikubali mkono wala kata kuingia ndani.

UMEME UKIKATIKA

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoanguka. Pale ambapo maji hushuka kutoka tangi la juu, umeme ukikatika taa huzimika lakini maji hayakatiki. Yanapita kando ya taa iliyokufa na kuingia kwenye jagi kama yalivyotoka kisimani. Kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Baadhi ya mashine zina koki ya umeme inayojifunga yenyewe taa inapozimika. Kama unanunua leo, uliza kama mashine ina koki hiyo, na kama ina king'ora cha kukuambia taa imekufa. Kama yako haina, weka sheria nyumbani: taa ikizimika, hakuna kukinga maji ya kunywa. Daima uwe na akiba ya maji yaliyokwisha kusafishwa, ya kutosha siku moja au mbili. Akiba ikiisha, rudi kwenye sufuria. Maji yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika moja, yafunikwe, yapoe. Au tumia dawa ya klorini ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Umeme ukirudi usikimbilie bomba. Subiri dakika kama 5 ili taa ipate nguvu yake. Kama kuna mtu aliyefungua bomba lile wakati wa giza, basi kipande cha bomba kati ya taa na mdomo wa koki kimepitiwa na maji machafu. Kitibiwe kwa klorini kama nitakavyoeleza chini, na mpaka hapo endelea kuchemsha.

Usizime taa kila baada ya kukinga kwa nia ya kubana matumizi ya umeme. Kuwasha na kuzima mara kwa mara huichosha taa upesi. Taa ya wati 25 ikiwaka mchana na usiku hula uniti 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa mwezi wa siku 30. Piga hesabu hiyo mapema ukiwa unanunua umeme wako wa LUKU, usije ukajikuta uniti zimeisha usiku na taa imezimika mmelala.

RATIBA YA MATUNZO

Kila siku: Mtu wa kwanza kuingia jikoni aangalie kama taa inawaka kabla ya kukinga. Aangalie kwa kupitia kile kidirisha au kitaa cha ishara kilicho nje tu. Kamwe mtu asitazame taa yenyewe ikiwa wazi, kwa maana miale hii huunguza macho na ngozi, na maumivu huja baada ya saa kadhaa. Kama maji yamekaa usiku kucha bila kutumika huwa na uvuguvugu. Yaache yatoke kidogo, uyatumie kuoshea vyombo.

Kila mwezi: Angalia rangi ya kichujio na kama kuna mahali panapovuja. Pima pia kasi ya maji. Kwenye mashine pameandikwa lita ngapi zipite kwa dakika. Yakipita upesi zaidi ya hapo, vijidudu havipati miale ya kutosha. Chukua ndoo ya lita 20 na saa yako. Kama mashine ni ya lita 8 kwa dakika, ndoo isijae kabla ya dakika mbili na nusu. Ikijaa mapema, mwambie fundi apunguze koki.

Kila miezi 3 hadi 6: Badili kichujio. Maji yakiwa na tope jingi, kama wakati wa masika, badili mapema zaidi. Kichujio cha namna hii usikioshe na kukirudisha, kwani uchafu huwa umeingia mpaka ndani. Wakati huohuo safisha kioo kinachoifunika taa. Hicho si kioo cha kawaida, kwa sababu kioo cha dirishani huzuia miale hii isipite. Ni kioo cha kwatzi, ni ghali na ni chepesi kuvunjika. Kikishika ukoko wa chokaa au kutu ya kisima, taa hata ikiwa mpya itakuwa kama imefunikwa kwa pazia.

Kila mwaka: Badili taa, iwe inawaka au haiwaki. Taa nyingi za aina hii zimepimwa kufanya kazi saa 9,000, na mwaka mzima una saa 8,760. Baada ya hapo mwanga wa bluu huendelea kuonekana, lakini ile miale isiyoonekana imepungua mno kiasi kwamba haitoshi kuwadhibiti vijidudu. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Andika tarehe ya kufunga taa kwa kalamu isiyofutika juu ya mashine, na uiandike pia kwenye kalenda ya jikoni. Fedha ya taa ya mwaka ujao ianze kutengwa mwezi ule ule unapofunga hii, kama unavyotenga ada ya shule.

SIKU YA KUBADILI TAA

Ni vizuri kazi hii ifanywe na fundi anayeijua mashine, lakini simama naye ujue anafanya nini. Utaratibu ni huu:

1. Zima umeme na uchomoe waya kwenye soketi. Kuzima swichi tu hakutoshi, maana umeme na maji viko pamoja hapa. Acha taa ipoe.

2. Funga koki ya maji yanayoingia, kisha fungua bomba la sinki ili maji yenye msukumo yatoke.

3. Chomoa taa taratibu kwa kuinyoosha, isigonge kioo. Kisha toa kioo cha kwatzi.

4. Futa kioo kwa kitambaa laini kilicholowa siki au maji ya ndimu. Ukoko ukiwa mgumu, kiloweke kwa muda. Usitumie mchanga, steelwire wala kisu, kwa sababu mikwaruzo huzuia miale. Suuza kwa maji safi na ukikaushe.

5. Angalia mipira ya kuzuia maji kwenye ncha. Ikiwa imekakamaa au kupasuka, weka mipya.

6. Shika taa mpya kwenye ncha zake, kwa glovu safi au kitambaa kikavu. Mafuta ya vidole vyetu hubaki juu ya kioo na kupunguza miale.

7. Kabla ya kurudi kunywa, tibu mabomba yaliyo mbele ya taa. Kichujio kikiwa kimetolewa, fundi hutia dawa ya klorini isiyo na manukato ndani ya kopo la kichujio, kwa kipimo cha kijitabu cha mashine, kisha hufungua bomba mpaka harufu ya klorini isikike. Maji hayo yakae angalau nusu saa. Baadaye kichujio kipya kifungwe, taa iwashwe, na maji yaachwe yatoke mpaka harufu iishe. Hili lisipofanyika, maji safi yatapita kwenye bomba chafu.

Hapa nina onyo mbili. Ya kwanza, siki na klorini visikutane kamwe. Vikichanganyika hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Suuza kioo vizuri na uondoe siki kabla ya kufungua chupa ya klorini. Ya pili, ndani ya taa kuna zebaki kidogo. Taa ya zamani usiwape watoto waichezee, wala usiitupe kwenye shimo la taka karibu na kisima. Mwombe mwuzaji aichukue. Ikivunjika, watoe watoto chumbani, fungua madirisha, kusanya vipande kwa karatasi ngumu bila kutumia ufagio, uvifunge kwenye chombo chenye kifuniko.

UTAJUAJE KAMA MAJI NI SALAMA?

Jicho halitoshi, na ulimi hautoshi. Mara moja kwa mwaka, hasa baada ya mvua kubwa au baada ya kisima kufanyiwa matengenezo, peleka maji yapimwe. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, na mamlaka za maji mijini zina wataalamu. Chukua kwao chupa iliyosafishwa kwa kazi hiyo, usitumie chupa ya soda. Omba wapime bakteria aitwaye E. coli, ambaye hutoka kwenye kinyesi. Katika mililita 100 za maji ya kunywa hatakiwi aonekane hata mmoja. Ukiwa huko, omba pia wapime madini ya chuma na chokaa. Chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, kioo chako kitashika kutu upesi na itabidi ukisafishe mara nyingi zaidi, au uweke chombo cha kuondoa chuma kabla ya taa.

MTOTO AKIHARISHA

Hata nyumba yenye mashine nzuri, mtoto anaweza kuharisha, maana vijidudu hupitia pia kwenye mikono, nzi na chakula. Changanya pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji salama, umnyweshe kidogo kidogo mara kwa mara, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mpe na vidonge vya zinki kama utakavyoelekezwa kituoni: kwa kawaida miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Usimnyime chakula. Anayenyonya aendelee kunyonya, na aliye chini ya miezi 6 ambaye ni mzima hahitaji maji yoyote zaidi ya maziwa ya mama, hata yawe yamesafishwa namna gani.

Mkimbize hospitali mara moja ukiona macho yameingia ndani, analegea au haamki vizuri, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, hakojoi, au choo kina damu. Usingoje asubuhi. Mimi ningengoja asubuhi ile, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

KWA ASIYE NA MASHINE

Labda unasoma na kusema, mambo haya ni ya wenye nyumba za vigae. La hasha, sufuria lako bado ni rafiki mwaminifu, na klorini ya dukani ni ya bei nafuu. Hata jua la Mungu linafaa. Miale ya kwenye taa haifiki ardhini kutoka kwenye jua, kwa sababu huzuiwa na hewa ya juu. Lakini ipo miale mingine ya jua ambayo, ikisaidiana na joto, hudhibiti vijidudu. Jaza maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku 2 mfululizo. Mwaka 1996 matokeo ya utafiti wa njia hii yalichapishwa, uliofanywa kwa watoto wa Kimaasai wa Kajiado, Kenya, na wale waliokunywa maji yaliyoanikwa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao.

JIBU LANGU KWA DADA YULE

Ndiyo, unaweza kuacha kuchemsha. Lakini usiache kwa sababu fundi amesema, wala kwa sababu unaona mwanga wa bluu. Acha pale unapojua taa ina umri gani, kichujio kilibadilishwa lini, kioo kilisafishwa lini, na mabomba yalitibiwa lini. Ukiulizwa mojawapo ya hayo ukashindwa kujibu, washa jiko mpaka upate jibu.

Na waite wote wa nyumbani, kuanzia baba mpaka binti wa kazi na mgeni aliyekuja jana, uwaonyeshe kitaa hicho na uwaambie maana yake. Mimi niliufundisha mtaa mzima na kumsahau binti aliyekuwa jikoni mwangu. Siku hizi yeye ndiye mwenye daftari la mashine. Limening'inia kwa uzi kando ya sinki, na tarehe zote ameziandika kwa mkono wake. Juzi aliniita akiwa ameshika kalamu: "Mama, taa imebakiza wiki tatu. Hela ya mpya ipo?"

Nilimwambia ipo, bahasha iko kabatini. Tuonane mwezi ujao.